Mkataba wa kusaidiana maji

Ni makubaliano ya maandishi kati ya mamlaka za maji zinazopakana: moja ikipungukiwa, nyingine inaifungulia. Bomba kuu likipasuka au pampu ikiungua, maji ya jirani hushikilia wateja mpaka mafundi wamalize, na hakuna anayelazimika kujenga mtambo wa akiba wa kukaa bure miaka nenda rudi.

Karatasi hutaja kiasi cha juu kwa siku, bei kwa kila mita ya ujazo, presha ya chini inayokubalika mpakani, na nani ana mamlaka ya kuamuru valvu ifunguliwe, hata saa nane usiku. Kifungu kinachozua ugomvi ni kile cha upungufu: je, mtoaji akibanwa anakata kabisa, au wateja wa pande zote wanapunguziwa kwa asilimia ileile? Kisipoandikwa waziwazi, mkataba huvunjika siku ileile unapohitajika.

Lakini saini haisukumi maji. Tuseme maji ya tangi la mtoaji yako mita 60 juu ya kiungio cha mabomba ya pande mbili, yaani presha ya bar 6 hivi, na ya mpokeaji yako mita 75. Ukifungua valvu, maji yatatoka kwa mwenye shida kwenda kwa msaidizi! Hapo inatakiwa pampu, pamoja na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Valvu isiyoguswa miaka mitano huganda kwa kutu, kwa hiyo izungushwe angalau mara moja kwa mwaka. Siku ya kufungua, ifunguliwe polepole: mkondo ukigeuka ghafla huamsha mashapo yaliyotulia bombani na wateja hupata maji ya rangi ya chai. Kwanza maji yamwagwe nje mpaka yawe meupe. Dawa za kuua vijidudu nazo zilingane. Maji ya klorini yakichanganyika na ya kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) kwa uwiano fulani, dawa iliyobaki hupungua sana, na harufu hubadilika.

Kuna mikataba isiyohitaji bomba, ya kuazimana mafundi, jenereta na vipuri; California, Marekani, ina mtandao wa namna hiyo tangu 1992. Huo hufaa hata mamlaka zilizo mbali. Wakati wa ukame, wa bomba hufaa pale tu vyanzo vinapotofautiana, kwani wanaochota mto mmoja hukaukiwa pamoja.