Taa za LED zinapocheza: hesabu kwanza zinaanzia ya ngapi

Mtu akinipigia simu kwamba mkanda wa taa za ukumbi wake unacheza, namuuliza: zinaanza kucheza kwenye taa ya ngapi? Wengi swali hilo huwaudhi. "Zote zinacheza, fundi, njoo uone mwenyewe." Nikifika, zote huwa si zote.

Hapa Lubumbashi lawama ya kwanza hutupiwa umeme wa mtaani, ya pili jenereta. Naelewa kwa nini, lakini kisanduku kizuri cha kugeuza volti 220 kuwa 5 (wengi tunakiita transfoma) humeza vurugu hizo bila taa kujua. Chanzo huwa baada ya hapo, yaani upande wetu mafundi.

Nazungumzia LED zinazoamriwa mojamoja, aina ya WS2812B na ndugu zake wa volti 5. Kila taa ina chipu yake ndani. Kidhibiti hutuma biti 24 (alama za 0 na 1) kwa kila taa, kila biti ikichukua takriban sehemu 1.25 za milioni ya sekunde. Taa ya kwanza huchukua biti 24 zake, kisha hupitisha zilizobaki kwa ya pili baada ya kuzinyoosha upya, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna taa inayojibu "sijasikia, rudia". Biti iliyosomwa vibaya inageuka rangi mbaya papo hapo, nasi tunaona mkanda unapepesa.

Ndiyo maana nahesabu. Kama 86 zimetulia na vurugu inaanza ya 87, mtuhumiwa ni 87 au 86, kwa sababu 86 inaweza kuwaka vizuri huku mlango wake wa kutolea data umekufa. Ruka taa moja kwa kipande cha waya, ujaribu. Na kama hapo ni kwenye kiungo cha risasi (kilichochomelewa), anza nacho: mikanda mingi ya mita 5 imeungwa kwa vipande vya nusu mita, na mvua za Desemba hupenda viungo hivyo kuliko kitu kingine.

Ikiwa inacheza tangu taa ya kwanza, tatizo liko kati yake na kidhibiti. Angalia masi (upande hasi) kwanza: masi ya kidhibiti na masi ya mkanda lazima ziungane, la sivyo data haina pa kupimiwa. Kisha kuna ugonjwa wa vidhibiti vya ESP32 na ESP8266. Hizo hutoa volti 3.3 kwenye waya wa data, na WS2812B inayokula volti 5 inadai angalau asilimia 70 ya volti zake, yaani 3.5, ili ikubali kwamba biti ni 1. Juu ya meza ya fundi inafanya kazi kwa bahati. Ukumbini, waya wa data ukirefuka mita chache, bahati inakwisha.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Transfoma nyingi za kisanduku cha chuma zina skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Weka multimita, shusha volti polepole hadi 4.6. Sasa taa inadai 3.22 tu, na 3.3 inatosha. Zikitulia, umepata jibu. Dawa ya kudumu ni chipu ya kupandisha data, kama 74AHCT125, karibu na kidhibiti, pamoja na rezista ya omu 330 au hivi kwenye waya wa data. Skrubu hiyo iko jirani na volti 220, kwa hiyo tumia bisibisi yenye mpini wa plastiki na mkono mmoja.

Dalili za umeme kupungua ni nyingine. Mkanda unatulia kwenye rangi hafifu, ukiweka nyeupe kali mwisho wake unakuwa wa njano, halafu mwekundu, halafu fujo. Bluu na kijani ndizo zinazohitaji volti nyingi, kwa hiyo ndizo zinazokufa kwanza.

Hapa ndipo ninapokasirika. Tuko mji wa shaba, tumelelewa chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na madukani tunauziwa waya wa alumini uliopakwa shaba! Piga hesabu. Waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 0.5, mita 2 kwenda na 2 kurudi, una omu 0.14. Ampea 5 zikipita, volti 0.7 zinapotea njiani. Ule wa kupakwa unapoteza kama 1.1, taa zinabaki na 3.9, na mkanda wenyewe bado haujala sehemu yake. Kwangua kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, rudisha. Muuzaji akinuna, anune.

Taa 300 kwenye nyeupe kamili zinaweza kudai ampea 18, kwa hiyo usitegemee njia nyembamba za mkanda kubeba zote. Ingiza umeme mwanzoni na mwishoni, kwa nyaya nene, kila moja na fyuzi yake, na uweke kapasita ya mikrofaradi 1000 pale umeme unapoingilia. Au punguza mwanga kwenye programu. WLED, programu ya kuendeshea taa hizi, ina kikomo cha ampea, na kwenye harusi hakuna anayehitaji nyeupe kamili.

Mwisho, wapiga video. Wakikuambia taa zinacheza huku macho yako yanaziona zimetulia, usifungue kitu. LED hizi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, na kamera yenye shata ya kasi huunasa mchezo huo. Mwambie mpiga video ashushe kasi ya shata hadi 1/50 ya sekunde.