Mbwa wako anakunywa maji kiasi gani? Pima, usikisie

Kila siku nikiwa kazini nauliza swali moja, anakunywa maji huyu? Na jibu ni lile lile, ndiyo daktari, bakuli lipo pale muda wote. Sawa, bakuli lipo, lakini nikiinua mdomo wa mbwa nakuta ufizi umekauka unanata kama gundi, sasa hayo maji nani alikunywa?

Ufizi ndio kipimo changu cha kwanza. Pitisha kidole, wa mbwa aliyeshiba maji unateleza. Afu bonyeza mpaka pawe peupe, achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi (wenye fizi nyeusi hapo huoni kitu, usihangaike). Wengi wamezoea kuvuta ngozi ya mabegani, na kweli ikibaki imesimama kama hema hapo kuna shida, ila mbwa mzee au aliyekonda ngozi yake inachelewa kurudi hata kama yuko poa, na mnene inarudi fasta hata kama kakauka, ndo maana mi siiamini peke yake.

Kiasi chenyewe ni kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mbwa wa kilo 10 anahitaji nusu lita na kidogo. Humo yamo na maji ya kwenye chakula. Chakula kikavu cha pakiti kina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo kinafika asilimia 75, kwa hiyo mbwa wa kopo akiligusa bakuli mara mbili kwa siku usiogope. Kukiwa na joto au akikimbia sana hesabu inapanda, maana mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje na maji yanaondoka na pumzi.

Kupima ni rahisi. Asubuhi mimina maji kwa chupa yenye vipimo, andika, ukiongeza andika, kesho yake saa ile ile pima yaliyobaki utoe. Fanya siku 3. Kama una mbwa wawili wanaochangia bakuli watenganishe, la sivyo unapima hewa.

Na msidhani kunywa sana ndo afya! Niliwahi kuletewa jike wa kilo 12, mwenyewe anajisifu kabisa kwamba huyu maji anayapenda, lita moja na nusu kwa siku. Piga hesabu, ni mililita 125 kwa kilo, na ikizidi 100 mimi naanza kutafuta ugonjwa: figo, kisukari, homoni. Huyu mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha, akaingia upasuaji siku ile ile. Anayekunywa hivyo usimfungie maji hata kidogo, mlete.

Asiyetaka kunywa, anza na bakuli. Pitisha kidole chini kabisa, ule utelezi unaousikia ni utando wa bakteria, kusuuza tu hautoki, sugua kwa sabuni kila siku. Weka mabakuli mawili matatu sehemu tofauti, chakula kikavu kiloweke na maji ya uvuguvugu, supu sawa ila isiwe na chumvi wala vitunguu, kitunguu maji na saumu vyote ni sumu kwake. Kumsukumia maji mdomoni kwa bomba la sindano kwa nguvu, hapana jamani, yanaingia kwenye mapafu tunaanza kesi nyingine.

Anayetapika mpe kidogo kidogo kila baada ya muda, akibugia bakuli zima atalirudisha lote. Hata hicho kidogo kikirudi, au siku nzima hajagusa maji, huyo anahitaji dripu. Kitoto cha mbwa kinachotapika na kuharisha usikihesabie siku, kinakauka ndani ya masaa, kilete hata kama ni usiku.