Wekundu wa poinsetia si maua

Wengi hudhani sehemu pana nyekundu za poinsetia, ule mmea wa mapambo ya Krismasi, ni maua, na zikianza kupukutika huona mmea umekwisha, wakautupa. Inauma, maana yale ni majani tu. Maua yenyewe ni vile vifundo vidogo vya kijani na manjano vilivyojikusanya katikati. Sogeza uso karibu utaviona, pengine na tone la nekta (maji matamu ya maua) linalong'aa ubavuni mwa kimoja. Unaponunua, chagua mmea ambao vifundo hivyo bado vimefumba. Wekundu wake utadumu zaidi.

Na kwa kuwa ni majani, rangi hurudi. Mmea huu wenye asili ya Meksiko huwa mwekundu usiku unaporefuka. Basi uupe giza totoro kama saa 14 kila usiku, kwa wiki 8 hadi 10, na mchana mwanga wa kutosha. Hata taa ya sebuleni ikiwashwa usiku huvuruga kazi yote.

Poinsetia nyingi za ndani hufa kwa maji kutuama katika ile karatasi ya kumetameta inayofunika chungu. Itoboe, na umwagilie udongo wa juu ukishakauka.