Sahihi ya mgonjwa si ridhaa yake

"Kitanda namba 6 ameshasainishwa ridhaa." Sentensi hii husikika wodi za upasuaji kila zamu zinapopokezana, na anayeisema huwa amemaliza kazi moja, ameihamia nyingine. Kosa lake si la lugha tu. Limejificha kwenye kitenzi, na likipita bila kusahihishwa huingia mpaka chumba cha upasuaji.

Maana kwanza, haraka. Ridhaa katika tiba ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu ambaye ameelezwa, akaelewa, atafanyiwa nini, kwa nini, kuna hatari gani, njia nyingine ni zipi na itakuwaje asipofanyiwa, kisha akakubali bila kusukumwa. Sharti moja likikosekana, ridhaa haipo, hata faili liwe na karatasi kumi.

Sasa neno lenyewe. Ridhaa tumeipata kwa Kiarabu, na ndugu zake tunaishi nao kila siku: radhi, kuridhika, kuridhisha, maridhiano. Wote wanazungumzia moyo uliotulia. Mtu anayetafuta radhi za mama yake hatafuti karatasi, na Wazanzibari walipoita makubaliano yao ya 2009 Maridhiano, walikusudia zaidi ya viongozi wawili kuweka saini. (Ukikuta kwenye faili imeandikwa "mgonjwa amerithia upasuaji", huyo amepata urithi. Kurithi ni mzizi mwingine kabisa.)

Idhini nayo ni ya Kiarabu, lakini mzizi wake uko upande wa sikio, ndiko ilikotoka pia adhana. Idhini ni neno la mwenye mamlaka kwenda kwa aliye chini yake: mwajiri humpa mfanyakazi idhini ya kusafiri, hospitali humpa mtafiti idhini ya kuingia wodini. Wapo wanaosema mgonjwa hutoa idhini, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa mwenye mamlaka juu ya mwili ni mwenye mwili. Tabu ni kwamba neno idhini likishatajwa, watu huanza kumtafuta mkubwa. Mume ataitwa, mkwe atapigiwa simu, kaka mkubwa atasubiriwa kutoka safari, na mama mwenye miaka 34 aliyelala pale na akili zake zote hajaulizwa chochote. Ukisema ridhaa, swali linabaki na mtu mmoja.

Halafu kuna sahihi. Hili linatoka katika mzizi mmoja na siha, yaani afya: kitu sahihi ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa. Kiswahili kimeliazima neno hilo kwa mwandiko wa jina chini ya karatasi, kana kwamba jina likishaandikwa jambo limekuwa zima. Ndiyo maana sahihi isiyo sahihi inawezekana, na wodini si adimu.

Kuhusu "ridhaa iliyoarifiwa" inayoonekana kwenye fomu nyingi za utafiti: aliyearifiwa ni mgonjwa. Ridhaa haina masikio. Maneno hayo ni kivuli cha istilahi ya Kiingereza, "informed consent", iliyoanza kujulikana mwaka 1957 katika hukumu ya mahakama ya rufani ya California, kesi ya Martin Salgo, aliyepooza miguu baada ya kudungwa dawa kwenye mshipa mkuu wa damu ili apigwe picha, akadai hakuelezwa hatari hiyo. "Ridhaa baada ya maelezo" inatosha. "Ridhaa ya hiari" nayo ina neno la ziada, kwa sababu isiyo ya hiari si ridhaa, ila neno hilo mwachie msomaji wa fomu, halimdhuru mtu.

Turudi kwenye kitenzi. Kusainisha kumejengwa kwa kauli ya kutendesha: muuguzi anatenda, mgonjwa anatendeshwa. Jaribu sasa kulitia neno ridhaa kwenye kauli hiyo hiyo. Utapata kuridhisha, na maana inageuka. Huwezi kumfanya mtu aridhie kama unavyomfanya asaini. Unachoweza ni kumridhisha, kwa maelezo na majibu, mpaka mwenyewe aseme ndiyo au hapana. Sarufi yetu ilishalijua jambo hili kabla ya mahakama.

Mahakama zililijua pia. Namibia, wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI walifungwa uzazi katika hospitali za serikali walipokwenda kujifungua, na serikali ikajitetea kwamba walisaini. Fomu zilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Walisaini wakiwa kwenye uchungu. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono mwaka 2014, kwamba ridhaa haikuwepo: karatasi yenye jina la mtu haithibitishi kwamba alielewa na kuchagua. Kesi hiyo haisemi kwamba mwanamke mwenye uchungu hana akili. Akihitaji upasuaji wa dharura wa kumtoa mtoto, anaelezwa kati ya uchungu na uchungu, kwa sentensi fupi, na jibu lake linahesabika. Lakini kufunga uzazi si dharura. Mazungumzo yake ni ya kliniki ya wajawazito, wiki nyingi kabla, aende nyumbani akafikiri, arudi na maswali.

Hapo hapo kuna mtego wa lugha ambao fomu haiuoni. Mitaani wengi husema "kufunga kizazi". Kwa Kiswahili cha kawaida, kilichofungwa hufunguliwa: mlango, mzigo, shule. Mama anayeambiwa "tutakufunga kizazi" anaweza kukubali kwa moyo mweupe akidhani miaka mitano ijayo atarudi kufunguliwa. Mwambie waziwazi: mirija itakatwa au kufungwa, usitegemee kuzaa tena, na zipo njia nyingine unazoweza kuacha ukitaka. Usiandike BTL, kifupi cha Kiingereza cha kufunga mirija ya uzazi, kwenye fomu. Andika maneno mazima kwa lugha aliyozungumza. "Kusafisha kizazi" nako husikika kama kuosha, wakati kinachofanyika ni kuondoa mabaki ya mimba kwa kifaa kinachoingia ndani ya mji wa mimba. Na "kutoa maji ya mgongo" kumewafanya ndugu wengi wakatae kipimo kinachookoa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo, kwa kuamini maji yakiisha mtu anakufa. Eleza kwamba sindano huingia sehemu ya chini ya kiuno, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, kwamba zinachukuliwa mililita chache, na kwamba mwili hutengeneza takribani mililita 500 za maji hayo kila siku. Eleza pia madhara, hasa kuumwa kichwa baadaye. Atakayekataa baada ya hapo amekataa kitu anachokijua.

Kipimo hicho hicho kina historia chafu. Kuanzia 1932 hadi 1972, katika kaunti ya Macon, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende na wengine 201 wasio nayo, bila kuwatibu walioumwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipotakiwa kutolewa maji ya mgongo, barua ziliwaalika kwenye matibabu maalumu ya bure. Walikwenda wenyewe, wakakunja migongo wenyewe. Aliyewaunganisha na madaktari kwa miaka yote hiyo alikuwa muuguzi, Eunice Rivers, waliyemwamini kama mtu wa nyumbani. Anayedhani ridhaa ni mambo ya daktari na mwanasheria aanzie hapo. Mara nyingi mgonjwa humkubali muuguzi kabla hajaikubali tiba, na uaminifu huo unaweza kukaa mahali pa maelezo bila mtu kugundua.

Basi kazi ya muuguzi ni ipi hasa? Upasuaji huelezwa na atakayeufanya, au mwenzake anayeujua vya kutosha kujibu maswali. Kumtuma muuguzi "akachukue ridhaa" ya upasuaji ambao hataufanya ni kumtwisha mzigo usio wake. Muuguzi anaposaini kama shahidi, anashuhudia mambo matatu tu: aliyesaini ni yule mwenye jina hilo, alikuwa na akili timamu, na hakulazimishwa. Akisikia mgonjwa anauliza, "Kwani watanikata wapi?", asijaribu kuziba pengo kwa kukisia. Asimamishe kalamu, amwite daktari arudi kueleza, na aandike kwenye faili saa aliyomwita, swali lililoulizwa na aliyekuja. Sentensi mbili zinatosha, na siku ya mambo kuharibika ndizo zitakazosomwa.

Kwa kazi zake mwenyewe, ridhaa ni ya muuguzi kuitafuta, na karibu zote hazina fomu: kuweka mpira wa mkojo, mpira wa kupitisha chakula puani, kupima njia ya uzazi, kuosha kidonda, kudunga sindano. Mgonjwa anayenyoosha mkono ukishika kifaa cha presha ameridhia presha. Hajaridhia damu yake itolewe kwa sababu mkono tayari umenyooka. Pwani tumezoea katika nikaha kwamba kimya cha mwari huhesabiwa kukubali. Wodini kanuni hiyo haipo, na mama aliyegeukia ukutani wakati wa kupimwa njia hajasema ndiyo.

Wakati nao una uzito. Sahihi itafutwe kabla ya dawa za kumtuliza mgonjwa. Midazolamu hufuta kumbukumbu, hivyo mtu anaweza kuzungumza nawe vizuri, akasaini, na kesho asikumbuke hata uso wako. Hii haina maana kwamba kila aliyepata mofini hawezi kuamua. Mwenye paja lililovunjika hufikiri vizuri zaidi maumivu yakipungua kuliko akiwa anapiga kelele. Pima uwezo wake: anajua yuko wapi, anashika unachomwambia, analinganisha faida na hasara, anasema anachotaka. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kitandani kwenye magurudumu, si mahali pa kuanza maelezo, ingawa ni mahali halali kabisa pa mgonjwa kubadili mawazo.

Swali baya kuliko yote ni "Umeelewa?" Jibu lake ni "Nimeelewa, sista," na hutolewa kwa heshima, si kwa kuelewa. Mzee hatakuambia mbele ya wodi nzima kwamba maneno yako yamempita. Uliza hivi: "Mama, dada yako akija jioni akakuuliza kesho unafanyiwa nini, utamwambiaje?" Akieleza kwa maneno yake, umemaliza. Akikwama, umejua pa kurudia. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kisomo chake, kwa hiyo kusoma fomu ya Kiingereza kwa sauti kubwa hakuhesabiki. Ukihitaji mkalimani, usimtumie mtoto wa mgonjwa. Andika jina la mkalimani kwenye fomu. Asiyeandika aweke dole gumba baada ya kusomewa, mbele ya shahidi asiye katika timu ya upasuaji.

Mume anaweza kuwepo, kusikiliza, hata kushauri, mgonjwa akitaka. Sahihi yake haichukui nafasi ya mke mtu mzima mwenye akili timamu. Kwa mtoto mzazi ndiye anayeridhia, lakini mtoto wa miaka 10 naye aelezwe kwa kimo chake. Umri hutegemea sheria na huduma: Tanzania, kwa mfano, mwaka 2019 ilishusha umri wa kujiamulia kupima virusi vya UKIMWI kutoka miaka 18 hadi 15. Aliyezimia na hana wa kumsemea hutibiwa ili kuokoa maisha, na kwa hilo tu. Dharura haifungui mlango wa "tukiwa humo humo tumalizie na kile kingine."

Na anayekataa? Mwache akatae bila kununiwa. Mweleze matokeo ya kukataa, andika uliyomweleza na alivyojibu kwa maneno yake, kisha endelea kumpa dawa ya maumivu, chakula na salamu kama jana. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotoka kwanza mwaka 1953, humtaka muuguzi ahakikishe mtu anapata taarifa za kutosha na kwa wakati ili aamue. Hazisemi aamue tunavyotaka.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kwenye makabidhiano, kitanda namba 6 kinaweza kusemwa hivi: "Daktari amemweleza jana saa 10 jioni kwa Kiswahili, mwenyewe ameeleza kwamba anatolewa uvimbe na kizazi kinabaki, ameridhia, amesaini. Ameuliza kama atashonwa kwa nyuzi za kutolewa; hajajibiwa bado."