Mshtuko wa moyo wakati wa janga: saa zinapotelea wapi

Korona ilipotanda mwaka 2020, wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipungua ghafla hospitalini katika nchi nyingi. Uingereza, kufikia mwisho wa Machi, waliolazwa walikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Ugonjwa haukuwa umepungua. Watu waliogopa kuambukizwa wakabaki nyumbani. Italia, miongoni mwa waliofika mshipa ukiwa umeziba kabisa, kiwango cha vifo kilizidi mara tatu ya kile cha mwaka uliotangulia.

Huku kwetu Mtwara na Lindi kulikuwa na jambo jingine. Kila aliyebanwa kifua alihesabiwa kuwa na changamoto ya upumuaji, akafunikwa blanketi apige nyungu. Homa na kikohozi vya korona huja kwa siku kadhaa. Mshtuko wa moyo huja kwa dakika: kifua kinagandamizwa, maumivu yanapanda taya au mkono wa kushoto, jasho jembamba linatoka. Mzee au mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa, akaishiwa pumzi tu. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa sababu maambukizi yenyewe huifanya damu igande upesi.

Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wakati wa janga mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo, iwekwe palepale kwenye hema la uchunguzi wa korona, karibu na kipimajoto, siyo wodini. ECG inatakiwa ipimwe ndani ya dakika 10, nazo zinahesabiwa tangu mgonjwa anapoingia getini, foleni ya kunawa mikono ikiwemo.

Aspirini miligramu 300 itafunwe, isimezwe nzima. Kama zipo za 75 tu, apewe nne. Asipewe mwenye mzio nayo au anayetapika damu. Oksijeni ni ya mgonjwa ambaye kiwango cha oksijeni kwenye damu yake kiko chini ya asilimia 90. Aliye na 96 haimsaidii, na mtungi huo unangojewa na mwenye nimonia kitanda cha pili.

Kuzibua mshipa kwa mrija kunafaa iwapo kutafanyika ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe. Kutoka Mtwara mjini hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 550. Gari la wagonjwa haliwezi kuwahi, hata barabara ikiwa nzima. Kwa hiyo dawa ya kuyeyusha donge la damu ianzie hapahapa, kabla ya safari, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Saa 3 za mwanzo ndizo zenye faida kubwa zaidi.

Streptokinase, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha donge, ni yuniti milioni 1.5 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, kwa dakika 30 hadi 60. Presha ikishuka, na mara nyingi hushuka, simamisha dripu, mlaze chali, inua miguu, kisha endelea polepole. Usimpe aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, wala mwenye maumivu kama ya kuchanika yanayopenya mgongoni. Presha iliyozidi 180/110 ishushwe kwanza. Rudia ECG baada ya dakika 60 hadi 90: mstari wa ST (sehemu ya mchoro wa ECG ambayo hupanda mshipa wa moyo ukiziba kabisa) usiposhuka angalau kwa nusu, dawa haijafungua mshipa. Huyo ndiye wa kupigia simu Dar na kusafirisha saa hiyohiyo, akiwa na muuguzi na mashine ya kushtua moyo ndani ya gari.