KPV na uvimbe wa utumbo: maswali na majibu

KPV ni nini hasa?

Ni peptidi fupi mno: asidi amino tatu tu zilizoshikana, yaani lisini, prolini na valini. K, P na V ni herufi zinazotumika duniani kote kuzitambulisha. Ni mkia wa homoni iitwayo alfa-MSH, yenye asidi amino 13. KPV ni ile ya 11 hadi ya 13. Homoni nzima huzichochea seli za ngozi kutengeneza rangi, na pia hutuliza uvimbe. Kazi ya rangi hutegemea kipande cha katikati, ambacho KPV haina.

Uvimbe gani unaozungumziwa?

Si kivimbe cha saratani. Ni ukuta wa utumbo kuwa mwekundu, kujaa majimaji na chembe za kinga, kuchubuka na kuvuja damu, kama ilivyo katika ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda.

Peptidi ndogo hivyo inatulizaje uvimbe?

Kwanza lazima iingie ndani ya seli. Seli za utumbo mwembamba zina protini iitwayo PepT1, ambayo ni mlango wa mabaki ya protini tulizokula. Hupitisha vipande vya asidi amino mbili au tatu. Chenye nne hakipiti. KPV ina tatu, basi inapita. Kinachovutia zaidi ni kwamba katika utumbo mpana wenye afya PepT1 ni haba sana, lakini huongezeka utumbo huo unapovimba kwa muda mrefu. Penye ugonjwa ndipo penye milango mingi.

Ikishaingia, KPV huzuia NF-kappa B isiamke. Hii ni protini inayokwenda kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za sitokini, vijumbe vinavyoziita chembe za kinga. Mwaka 2008, utafiti uliochapishwa katika jarida la Gastroenterology ulionyesha kuwa nanomola 10 tu kwa lita, kiwango kidogo mno, zilitosha kupunguza mwamko huo katika seli za utumbo zilizokuzwa maabara. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulitumia panya ambao kipokezi chao cha MC1, kimojawapo cha vipokezi vya alfa-MSH, hakifanyi kazi. Nao pia walinufaika, kwa hiyo kipokezi hicho si njia pekee.

Majaribio ya panya hufanywaje, na hukosewa wapi?

Mara nyingi huyeyushwa DSS, sukari ndefu yenye salfa, katika maji ya kunywa kwa kiwango cha asilimia 3 hivi, kwa siku 5 hadi 7. DSS huharibu utando wa utumbo mpana. Panya huharisha damu na kukonda. Katika utafiti ule wa Gastroenterology, KPV iliwekwa kwenye maji kwa mikromola 100. Uzito wa molekuli yake ni takriban 342, kwa hiyo hizo ni miligramu 34 kwa lita. Panya anayekunywa mililita 4 kwa siku hupata kama miligramu 0.14.

Hapa pana mtego. Dawa na sumu zikiwa katika chupa moja, panya akiichukia ladha atakunywa kidogo, atapata DSS kidogo, na ataonekana amepona. Chupa zipimwe uzito kila siku, kwa makundi yote. Jambo la pili: DSS ikiondolewa, utumbo wa panya huanza kupona wenyewe. Ugonjwa wa Crohn hauna chupa ya kuondoa.

Kwa nini unga uleule wa KPV hutoa matokeo tofauti?

Chanzo kimoja ni chumvi. Peptidi za maabara mara nyingi huja zikiwa zimeshikana na asidi ya trifloroasetiki. KPV ina sehemu mbili za kuishikilia. Zikijaa zote, miligramu 1 ya unga ina peptidi ya miligramu 0.6 tu. Cheti kinaweza kusema usafi ni asilimia 99 na bado uzito ukakudanganya, kwa sababu usafi huo hauhesabu chumvi wala maji. Omba kiasi halisi cha peptidi.

Chanzo kingine ni endotoksini, mabaki ya bakteria, ambayo yenyewe huiamsha NF-kappa B. Utajikuta unapima uchafu. Tena, kichupa kikitoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo unga utanyonya unyevu wa hewa. Ukishauyeyusha, ugawe katika vichupa vidogo, usiugandishe na kuuyeyusha tena na tena.

Naweza kuinunua nijitibu?

Tunakusihi usifanye hivyo. Hakuna dawa ya KPV iliyoidhinishwa kutibu magonjwa haya. Mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka KPV kwenye orodha ya vitu vyenye mashaka ya usalama visitumike kutengenezea dawa za kuchanganywa, yaani zile ambazo mfamasia humchanganyia mgonjwa mmoja mmoja. Kichupa kilichoandikwa kuwa ni cha utafiti tu hakijatengenezwa kwa viwango vya dawa, na kuchoma sindano ya unga wenye endotoksini kunaweza kuleta homa kali na kushusha presha. Kuchukua dozi ya panya na kuizidisha kwa uzito wako pia ni kosa: mwili mdogo huchakata dawa kwa kasi nyingine kabisa.

Natumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Nikijaribu KPV, niiache?

Usiiache. Kuacha dawa ya kutuliza ni sababu ya kawaida ya ugonjwa kurudi. Dawa za steroidi ndizo za kuogopa zaidi kukatishwa ghafla, kwani tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, huwa zimelala na huchukua muda kuamka.

Dalili zipi zinipeleke hospitali?

Damu kwenye choo, kuhara kunakozidi wiki nne, kuamshwa usiku na haja, au kukonda bila sababu. Uliza kuhusu kipimo cha kalprotektini kwenye choo: huonyesha kama utumbo umevimba, ingawa hakitaji chanzo, kwa hiyo maambukizi nayo yapimwe. Tumbo likijaa ghafla na kuuma sana, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, nenda siku hiyohiyo.