Selimundu ina umri gani? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ilianzia Marekani mwaka 1910.
Huo ni mwaka ambao daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa mwenye chembechembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu. Afrika ilikuwa nayo maelfu ya miaka kabla.

Dhana: Umri wake hupimwa kwenye mifupa ya kale.
Hupimwa zaidi kwa vinasaba vya watu walio hai. Selimundu hutokana na kosa la herufi moja tu ya vinasaba katika kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, kromosomu zilizorithiwa kwa baba na kwa mama hubadilishana vipande, hivyo kipande cha asili kinachoizunguka herufi hiyo huzidi kufupika. Chukua sehemu yenye uwezekano wa asilimia 1 wa kukatika kila kizazi: baada ya vizazi 100, kati ya wabebaji 100 (watu wenye kosa hilo) ni kama 37 tu watakaokuwa nayo nzima. Wataalamu huanzia kwenye hiyo 37 na kurudi nyuma hadi kwenye idadi ya vizazi.

Dhana: Jeni iliyoenea sana lazima iwe kongwe sana.
Si lazima, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwenye nakala moja ya jeni hii kwa kawaida haugui selimundu, tena ana kinga dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Penye mbu wengi jeni ya namna hiyo hupanda mbio. Watafiti wa vinasaba Daniel Shriner na Charles Rotimi walikadiria mwaka 2018 kwamba vizazi 87 vilitosha kuifikisha asilimia 12 ya nakala zote za jeni hiyo katika jamii.

Dhana: Ilizuka mara tano, Senegal, Benin na kwingineko.
Wataalamu wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi. Shriner na Rotimi waliona chanzo kimoja, vizazi 259 vilivyopita.

Dhana: Basi ni miaka 7,300 kamili.
Hiyo ni 259 mara miaka 28 hivi. Ukihesabu kizazi kuwa miaka 25, unapata 6,475. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, ulitoa takriban miaka 22,000. Isitoshe, kinachokadiriwa mara nyingi ni wakati alipoishi mzazi wa kale wa pamoja wa wabebaji waliochunguzwa. Kosa lenyewe huenda lilitokea kabla yake.